Barua ya wazi kwa mnaotoa vibali vya utafiti: majibu yetu yako wapi?

Kwenu wakubwa wa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia hapo Dar es Salaam, na wenzenu wa NACOSTI, tume kama hiyo kule Nairobi, pamoja na makamu wakuu wa vyuo vikuu vyetu, shikamooni.

Mimi nimekula posho ya utafiti miaka minne. Nilikuwa karani, wale vijana mnaowaona vijijini na tableti kwapani na fulana yenye nembo ya mradi, tunaingia kwa mtendaji anatugongea muhuri, mwenyekiti wa kijiji anatupa balozi wa kutuzungusha, halafu tunakaa kwenye mkeka wa watu saa nzima na nusu tunawauliza jana wamekula nini, wana kuku wangapi, mume akikopa anamwambia mke au anakaa kimya. Kabla ya hayo yote unamsomea mtu fomu ya ridhaa, kwamba halazimishwi, kwamba jina lake halitatajwa popote, na kwamba matokeo yatasaidia jamii. Hapo kwenye "yatasaidia jamii" ndo ilipo barua yangu.

Kuna bibi mmoja, kijiji cha wilaya ya Kilwa sitakitaja, nilimfikia saa tano asubuhi anachambua mchicha. Akanisikiliza mpaka mwisho wa fomu, akasema sawa uliza, nikauliza, tulipofika kwenye maswali ya choo akaweka ungo chini akaniangalia. "Mjukuu wangu, hiki choo changu nimekiulizwa mwaka wa tatu sasa. Hayo mnayoandika yanaendaga wapi?" Nikamjibu kama tulivyofundishwa kwenye semina, kwamba bibi hayo yanachambuliwa halafu mtaletewa mrejesho. Nilisema kwa kujiamini kabisa.

Mrejesho haukwenda. Mimi mwenyewe ile kazi niliiona miaka miwili baadaye kwenye intaneti, imeandikwa Kiingereza, unasomeshwa ikisiri, yani ule muhtasari wa mwanzo, bure halafu ukitaka kuendelea unaambiwa ulipe kwa kadi ya benki ambayo sina. Ikisiri nikaielewa nusu. Yani mtu niliyekusanya hizo data kwa mguu wangu, kwenye jua la Oktoba, sijui mpaka leo ule mradi uligundua nini kuhusu vyoo vya Kilwa. Bibi ndo kabisa.

Sasa msije mkadhani nimekuja kulalamika kwamba tafiti ni upuuzi wa wazungu. Hapana, kinachoniuma ni kwamba tafiti zenyewe ni nzuri! Tangu niache ile kazi nimekuwa na ugonjwa wa kuzitafuta, naombaomba kwa rafiki zangu waliopo vyuoni wanitumie faili, nasoma na kamusi pembeni usiku, na kila nikimaliza moja nawaza kwamba hii ingetakiwa isomwe na fulani na fulani na fulani, na hakuna hata mmoja kati yao atakayeiona.

Chukueni ile ya Machi 2023 iliyotoka kwenye jarida la Nature. Wataalamu, akiwemo Profesa Chapurukha Kusimba ambaye ni Mkenya aliyechimba pwani yetu miaka na miaka, walipima vinasaba vya watu 80 wa zamani, waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi, wakatoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, na wengine Makwasinyi kule bara. Habari ilipofika huku ilifika kama kichwa cha habari tu, "imethibitishwa, Waswahili wana damu ya Uajemi", basi. Kwenye magrupu ya wasapu vita vikaanza siku hiyohiyo, huyu anasema si tuliwaambia sisi ni Washirazi, watu wa asili ya Shiraz kule Uajemi, mkatucheka, yule anasema hao hao waliosema zamani kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni wamerudi kwa mlango wa maabara. Watu wazima walitoleana maneno, mjomba wangu mmoja alijitoa kwenye grupu la ukoo na mpaka leo hajarudi.

Na kumbe ukiisoma yenyewe haisemi hivyo, au tuseme inasema hivyo na zaidi ya hivyo. Inasema kwa wengi wa hao watu wa pwani zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na hiyo imekuja hasa kwa upande wa kina mama. Ile sehemu ya Asia, asilimia 80 mpaka 90 yake imetoka kwa wanaume wa Uajemi, na kidogo India. Kuchanganyika kulianza kufikia karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi, damu inayoingia inazidi kuwa ya Uarabuni. Sasa wewe mtu wa pwani tulia hapo uwaze. Baba kaja na jahazi, kaoa, kajenga, lakini watoto wamekua wanaongea lugha ya mama yao, maana Kiswahili ni Kibantu na kimebaki Kibantu. Ile hadithi ya wafalme wa Kilwa kutoka Shiraz, ambayo nakala yake ya Kiarabu iko London kwenye Maktaba ya Uingereza, inayosema Ali bin Hassan alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia chote, ina ukweli wake ndani, ila ni hadithi ya akina baba. Akina mama hawakuandikiwa tarehe yoyote, wamekuja kuonekana kwenye mifupa.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mtu wa grupu alilisikia kabisa, kwamba makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya wenye nafasi zao, watu waliozikwa karibu na misikiti na kwenye makaburi ya mawe. Mvuvi na mlima mtama hawamo au wamo wachache. Kwa hiyo huwezi kuchukua hao 80 ukasema ndo pwani nzima. Hilo angekuwa ameliandika mtu kwa Kiswahili, kurasa nne tu, likabandikwa Kilwa Masoko, Lamu na Mombasa, mjomba wangu angekuwa bado yuko kwenye grupu. Natania, ila sio sana, maana suala la nani Mshirazi nani Mwafrika pwani hii halijawahi kuwa la vitabuni tu. Afro-Shirazi Party ilizaliwa Zanzibar mwaka 1957 ikiwa na majina yote mawili ndani ya jina lake. Vitu vinavyogusa hapo mnavipitishia kibali, halafu mnaviacha vitufikie kama umbea.

Naomba nitoke kwenye mifupa nije kwenye hela.

Kule Siaya, Kenya, kulifanyika utafiti ambao mimi ningekuwa na uwezo ningeuchapa kwenye khanga. Kaya zaidi ya 10,500 kwenye eneo la vijiji 653 zilipewa pesa taslimu, kama dola 1,000 kila moja, kupitia simu, bila masharti ya ufugie kuku au ununue cherehani. Wachumi, Edward Miguel na wenzake, wakafuatilia sio waliopewa tu, wakafuatilia na majirani ambao hawakupewa kitu, maduka, bei za sokoni, kila kitu. Wakachapisha mwaka 2022. Kila dola moja iliyoingia ilizunguka mpaka uchumi wa pale ukaongezeka kama dola 2.5, majirani wasiopewa nao wakanufaika kwa sababu aliyepewa alienda kununua kwao, na bei zilipanda kwa asilimia 0.1 tu, yani hamna kitu.

Sasa nyie mliokaa kwenye semina za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mnajua maneno yanayosemwa kuhusu kuwapa maskini hela. Watakunywa, watakuwa wavivu, bei zitapanda, na wasiopewa watachukia. Haya maneno nimeyasikia kwa macho yangu, diwani anayasema mbele ya mkutano (najua macho hayasikii, ila nilimwona anavyotema mate akisema). Hakuna aliyeweza kumjibu kwa sababu jibu liko kwenye jarida la wachumi lenye hesabu za kutisha. Na sisemi Siaya ni sawa na Kilwa, pengine kwetu ingetoka tofauti, soko letu liko mbali na barabara ilikuwa inakatika kila masika, ila angalau tungebishana tukiwa na kitu mezani.

Ile ya M-Pesa nayo mnaijua, ya Tavneet Suri na William Jack, ilitoka jarida la Science mwaka 2016: kaya kama 194,000 za Kenya zilitoka kwenye umaskini kwa sababu ya pesa za simu, na wanawake kama 185,000 wakahama kutoka kutegemea kilimo kwenda kwenye biashara. Dada anayenitolea hela hapa mtaani ana kibanda chake cha uwakala mwaka wa sita huu, nilimsimulia, akasema "kumbe sisi tumo kwenye historia?" akacheka akaendelea kuhesabu noti.

Na siasa. Hii ya siasa ni ya siku nyingi kidogo, 2004, lakini siwezi kuiacha. Huyo huyo Miguel alilinganisha wilaya mbili, Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu, wakati ule ikiwa mkoa wa Shinyanga. Maeneo yamefanana kwa mengi ila kila upande umepata serikali yenye fikra zake. Akakuta Busia, penye makabila mengi zaidi shule zinachangiwa kidogo zaidi, watu hawakubaliani, kila mtu anaona anamjengea mtoto wa mwenzake. Meatu hapakuwa na hiyo tofauti, makabila mengi au machache mchango ni uleule. Na alipotafuta sababu akaangukia kwenye mambo ambayo babu zetu wanayajua: Kiswahili, masomo ya shuleni yaliyohubiri taifa, machifu kuondolewa na serikali za vijiji kuwekwa. Kwa hiyo hapo kuna ushahidi kwamba lugha hii ninayoandikia ilijenga madarasa. Ushahidi wenyewe ukaandikwa kwa Kiingereza, sawa, jarida ni lao, lakini mwenyekiti wa kamati ya shule kule Meatu alitakiwa apate hata ukurasa mmoja wa kutambia watani zake wa Kenya.

Mtaniambia ndugu karani, ripoti zipo. Najua. Leseni ya NACOSTI inamtaka mtafiti akimaliza apeleke nakala ya ripoti ya mwisho ndani ya mwaka mmoja, na kabla ya kuanza aripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu na gavana. Huku kwetu pia kibali kinashuka mkoani, wilayani, mpaka kwa mtendaji, karatasi juu ya karatasi. Angalieni hiyo njia lakini. Kwenda inashuka ngazi zote mpaka kwenye mkeka wa bibi, kurudi inaishia ofisini kwenu. Mtendaji aligonga muhuri wa kuingia, hakuna aliyewahi kumwomba agonge wa mrejesho. Kwa hiyo ombi langu ni dogo kuliko mnavyodhani: mtafiti asihesabiwe kamaliza mpaka alete muhuri wa pili. Kurasa nne za Kiswahili cha kawaida, zisomwe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa pale pale data zilipotoka, watu waulize maswali, mtendaji agonge. Asiyeleta, asipate kibali kingine, hata awe ametoka chuo gani.

Gharama? Nimekaa kwenye miradi nikaona gari linavyowekwa mafuta na chai ya semina inavyolipiwa, kurasa nne hazimfilisi mtu. Na watu wa kuandika wapo, vijana waliosoma Kiswahili chuoni wamejaa mtaani wanaendesha bodaboda, wengine wana shahada mbili.

Kuna wale watakaosema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hii hoja huwa inanichosha. Watangazaji wa mpira hawakusubiri kamati yoyote, wametuelezea kuotea na mtego wa kuotea na sasa hata VAR, bibi zetu wanaelewa. Vinasaba tunavyo, sampuli tunayo, kaya, takwimu, dodoso, kizidishi, vyote vipo. Pale neno halipo elezea kwa sentensi, ukishindwa kuelezea kwa sentensi pengine na wewe hujaelewa.

Kuna jambo lingine nataka mlione maana linakuja kwa kasi. Mnazindua mikakati ya akili mnemba, Kenya wanaita akili unde, jina lenyewe hatujakubaliana lakini haya. Hizi programu zinajifunza kwa maandishi yaliyopo. Hazina uchawi mwingine. Kama historia ya Kilwa, uchumi wa Siaya, siasa ya Meatu vyote viko kwa Kiingereza nyuma ya malipo, basi mtoto wa kidato cha pili akiiuliza simu yake kwa Kiswahili habari za Husuni Kubwa, lile jumba la kale la Kilwa Kisiwani, atajibiwa na kitu ambacho hakijawahi kusoma neno la maana juu yake kwa lugha hii. Nimejaribu mwenyewe, nikapewa Kiswahili cha kutafsiri chenye adabu nyingi na makosa ndani. Wapo vijana wa Kiafrika, kama wale wa Masakhane, wanajitahidi kuzifundisha mashine lugha zetu, ila watazilisha nini kama ghala ni tupu?

Na mfano wa ghala kufunguliwa upo. Kule Italia kuna magombo ya mafunjo yaliyoungua mwaka 79, mlima Vesuvius ulipolipuka ukaufukia mji wa Herculaneum. Yamekuwa kama vipande vya mkaa, ukiyafungua yanamomonyoka. Mwaka 2023 Profesa Brent Seales wa Marekani na wenzake wakafanya kitu cha ajabu, badala ya kufungia picha zao za eksirei kabatini wakazimwaga kwenye intaneti, na zawadi juu. Kijana wa miaka 21, Luke Farritor, mwanafunzi tu, akasoma neno la kwanza, la Kigiriki, maana yake zambarau. Baadaye yeye na Youssef Nader, Mmisri aliyekuwa anasomea shahada ya uzamivu Berlin, na Julian Schilliger wa Uswisi, wakatoa herufi zaidi ya 2,000 wakagawana dola 700,000. Mkaa wa karibu miaka 2,000 umeongea kwa sababu mwenye nao aliachia.

Sisi ya kwetu hayajaungua hata. Barua za Kilwa za mwaka 1711, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ziko Goa, India. Hati ya Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, iko Hamburg. Mjusi wetu wa Tendaguru, mkoa huu huu wa Lindi, anasimama Berlin mita 13 na ushee, alichimbwa na mababu zetu kati ya 1909 na 1913 wakabebeshwa mifupa kichwani mpaka bandarini. Yale ya wakoloni tunayadai na tuendelee kuyadai. Ila haya ya leo hakuna mkoloni aliyebeba, yanaondoka na muhuri wetu wenyewe, kwenye tableti, mimi nimeyabeba.

Tarehe 7 Julai kila mwaka mnavaa vitenge vizuri mnasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, na mimi huwa nafurahi kweli kuwaona, hotuba zinakuwa tamu. Mwaka huu ingependeza mmoja wenu asimame pale aseme kuanzia leo kibali hakifungwi bila kurasa nne. Hotuba ya dakika mbili tu.

Kabla ya kuandika hii nilipiga simu ofisi moja kuuliza barua ya wazi kuhusu vibali inaelekezwa kwa nani. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu sana, akaniambia kaka tuma tu kwa barua pepe, ila kama unaweza iandike kwa Kiingereza ndo itashughulikiwa haraka.

Nimeiandika hivi hivi. Nasubiri mrejesho.

Aliyekuwa karani wa utafiti,
Kilwa